Pikipiki Isiyoujua Uzio

Jumamosi moja asubuhi, Jairo Nzunda alikuwa amekalia ndoo tupu ya rangi nyuma ya kibanda chake pale Sogea, Tunduma, anasugua kabureta kwa mswaki na petroli. Mbele ya kibanda foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imelala tangu juzi. Madereva walishafua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Jairo ni fundi turubai. Lori likichanika turubai kabla ya kuvuka, turubai linaletwa kwake, naye analishona kwa sindano ndefu, amepiga magoti juu yake kama mtu anayeomba toba. Kazi hiyo ndiyo inamlisha. Pikipiki haikuwa inamlisha. Yeye ndiye alikuwa anailisha pikipiki.

Ilikuwa Honda XL ya mwaka sabini na nane, tangi jekundu, taa ya mbele ya duara. Aliikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu ikisubiri kupelekwa kuyeyushwa, akainunua kwa kilo, kama nyama. Aliitambua kwa bonde dogo lililokuwa ubavuni mwa tangi. Zamani ilikuwa ya bwana kahawa, mtu wa ushirika aliyekuwa akizunguka vijiji vya upande wa Ruanda, Ruanda ya hukuhuku, si ile nchi, Jairo akiwa mtoto wa kukimbiza vumbi lake. Ushirika ulipokufa, pikipiki iliegeshwa nyuma ya ghala. Baadaye ghala likauzwa, pikipiki ikiwa bado nyuma yake, na aliyeliuza hakuwa mwenye ghala. Watu wa kule wanalikumbuka jambo hilo vizuri. Hawalisemi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Tunduma pikipiki ni kazi. Pikipiki isiyobeba abiria wala magunia ni sawa na ng'ombe anayefugwa kwa ajili ya kutazamwa. Kwa hiyo madereva wa foleni, wakichoka kucheza drafti, walikuja kumtazama Jairo.

"Ukiimaliza unampa kijana akuletee hesabu?" mmoja aliuliza.

"Hapana."

"Utaiuza?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Naitengeneza."

Dereva alimgeukia Masudi, muuza spea wa kibanda cha jirani, mtu wa Kondoa aliyekuja Tunduma kusubiri mzigo, mzigo ukachelewa, akaoa. "Huyu mzee ni mzima?"

"Mzima kabisa," Masudi alisema. "Anaumwa Jumamosi tu."

Masudi mwenyewe alikuwa ameambukizwa. Yeye ndiye aliyepata ringi za pistoni. Yeye ndiye aliyebeba silinda mpaka Mbeya ikachongwe, akaipakata kwenye basi kama mtoto aliyelala. Spoku Jairo alizifunga mwenyewe, akizigonga kwa spana na kusikiliza mlio wa kila moja, mpaka gurudumu zima likakubaliana kama kwaya. Kiti alikishonea turubai jipya la lori, mishono miwili miwili. Mkewe, Tabita, alikikalia mara moja akiwa amebeba beseni la nguo, akasema kimezidi kochi la sebuleni kwa raha, na kwamba kama pikipiki haitawaka basi kiti kiingizwe ndani.

Iliwaka. Ilikataa kiki, ikakataa, ikakohoa moshi mweupe, ikakubali. Madereva walipiga honi foleni nzima mpaka karibu na geti la forodha, na wale wa mbele kabisa wakadhani foleni imeanza kusogea.

Jioni Jairo na Masudi waliijaribu barabara ya Mpemba. Huko kuna kituo cha mafuta kilichojengwa miaka ya karibuni, juu ya kijinjia cha zamani cha kwenda mashambani. Pikipiki ilishika kijinjia. Ilipita katikati ya pampu, ikapita ukuta wa duka la kituo, ikapita friji la soda na dada aliyekuwa akihesabu chenji, ikatokea upande wa pili kwenye shamba la ulezi lililokuwa halijavunwa. Ulezi ulinukia. Jairo aliona jambo hilo linafaa kuzungumzwa, akazima injini. Walijikuta kwenye stoo ya kituo, kati ya katoni za maji.

Dada wa duka alifungua mlango. "Wateja huwa wanaingilia mbele."

"Samahani, dada," Masudi alisema.

"Mkiitoa msiniangushie katoni."

Waliisukuma nje. Jairo alipiga kiki, na kijinjia kikawapo tena, na ulezi pande zote mbili. Masudi alisema kumbe ndiyo hivyo: injini ikinguruma, pikipiki ipo katika mwaka wake, na mlioikalia mko nayo. Ikizimwa, kila mtu anarudi alipo. Baba yake huko Kondoa alikuwa na redio iliyokuwa ikikamata stesheni zilizokwisha kufungwa. Vitu vya zamani vilitengenezwa vizuri.

Jairo alikuwa anamfikiria mama yake.

Mama yake, Ketrina, anakaa kijijini upande wa Ruanda, mwanamke wa miaka zaidi ya themanini ambaye magoti yameanza kumkatalia. Katikati ya miaka ya sabini kijiji kile kilichimba barabara kwa mikono, kutoka kanisani mpaka kwenye mashine ya kukobolea kahawa. Hapakuwa na greda. Kila kaya ilipimiwa kipande kwa kamba, na kipande kikabaki na jina la kaya. Hiki cha akina Mwampashi, hiki cha akina Kamwela, hiki cha akina Nzunda. Kipande kikiwa laini, ukoo ulisifiwa. Kikiwa na mashimo, wasichana wa ukoo huo walikuwa wakiimbiwa kisimani. Kipande cha akina Nzunda kiliangukia mlimani, mahali pa kukata udongo mwekundu kwenda chini kuliko kimo cha mtu. Siku moja ya mvua ukingo ulishuka na kumfunika Samwel Nzunda, mume wa Ketrina, baba yake Jairo, jembe likiwa mkononi. Wanakijiji walimtoa, wakamzika palepale juu ya ukingo, kando ya barabara yake, kisha wakaendelea kuchimba kwa sababu yeye ndivyo ambavyo angefanya.

Mwaka wa tisini na sita alikuja Mkubwa. Jina lake lipo, watu wanalijua, lakini kule wanamwita hivyo. Alikuwa na cheo wakati huo, na alikuja na watu wenye miguu mitatu ya kupimia ardhi, na barabara ikafungwa kwa muda. Huo muda haujaisha. Umeota kahawa, kahawa ikang'olewa, na sasa umeota parachichi, safu kwa safu, ndani ya uzio wa nyaya wenye geti na mlinzi. Kanisa liko upande huu wa uzio. Mashine ya kahawa ilikuwa upande ule. Samwel yuko katikati.

Sasa, watu wa kule ni Wamoraviani, na Mmoraviani Pasaka haanzi kanisani. Anaanza makaburini, alfajiri, kwa tarumbeta, ili jua likichomoza limkute amesimama na watu wake waliolala. Kila Pasaka kijiji kinagawanyika kwenda kwa wafu wake. Ketrina alikuwa anakwenda kwenye uzio. Alisimama hapo na ua mkononi, akatazama majani ya parachichi, jua likachomoza, akarudi nyumbani kupika. Mlinzi mmoja aliwahi kumwambia aandike barua. Aliandika. Alijibiwa kwamba kwenye ramani hakuna barabara na hakuna kaburi, hivyo hakuna kilichofungwa.

Jumapili ya katikati ya Kwaresma, baada ya ibada, Jairo alifika na Honda uani kwa mama yake. Ketrina aliitazama akiwa bado na biblia kwapani.

"Hiyo si ya bwana kahawa?"

"Ndiyo, mama."

"Alinigongea kuku wangu na hiyo. Hakunilipa."

"Panda, mama. Nataka kukupeleka mahali."

Alipanda upande, miguu ikining'inia kushoto, kama alivyokuwa akipanda baiskeli ya mumewe. Jairo aliteremka nayo nyuma ya kanisa moja kwa moja kuelekea kwenye uzio. Nyaya zilipowafikia hazikuwa nyaya. Palikuwa na barabara nyekundu, imelowa kidogo, na mifereji pembeni. Ketrina hakushika kitu kwa nguvu zaidi. Walipoanza kurushwarushwa alisema, "Hiki cha akina Mwampashi," na palipokuwa laini akasema, "Kamwela. Wale walikuwa watu." Kisha ikaanza kupanda, na kingo za udongo zikainuka pande zote mbili, na juu ya ukingo wa kulia yakaonekana mawe yaliyopangwa, na msalaba wa mti, na maua ya njano ambayo Ketrina aliyapanda mwenyewe akiwa na mimba ya mdogo wake Jairo.

Jairo alipunguza mafuta ili asimame. Injini ikakata.

Walikuwa wamesimama shambani, kwenye ardhi tambarare iliyopigwa trekta, kati ya safu mbili za miparachichi. Pale palipokuwa na mawe palikuwa na mti wenye mabomba madogo ya maji mguuni. Ukingo wote ulikuwa umesawazishwa. Kumbe kaburi halikufungiwa, lililimwa. Kijana mwenye koti la ulinzi alikuja kutoka upande wa geti, bila haraka, anakula hindi la kuchoma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Brayan. Wa Anna, wa Mlowo."

"Anna wa vitumbua?"

"Huyohuyo."

"Msalimie sana. Sasa, mjukuu wangu, hapo umesimama juu ya mume wangu."

Brayan alitazama chini, akasogea. "Samahani, bibi. Mmeingilia wapi?"

"Barabarani."

"Hapa hakuna barabara. Mimi nina mwaka wa tatu hapa."

"Ndiyo maana," Ketrina alisema.

Jairo alipiga kiki mpaka jasho likamtoka, na pikipiki haikuwaka. Brayan aliwasaidia kuisukuma mpaka getini, huku Ketrina akitembea nyuma yao polepole, anagusa kila mti anaoupita. Nyumbani alivua kitenge cha juu, akakikung'uta vumbi, ndipo akasema, "Yale maua yangu yapo. Pasaka ni wiki tatu. Nenda karekebishe pikipiki yako."

Ubaya ulikuwa kwenye sailensi, yaani ile hali ya injini kunguruma taratibu yenyewe, bila mkono kuongeza mafuta. Ikikimbia ilikuwa nzuri. Ikiachwa, ilikunywa petroli kupita kiasi, plagi ikaloa, ikafa. Masudi alifungua kabureta, akatoa jeti ndogo ya sailensi, akaiinua kwenye mwanga. Ni kijipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mchele, na katikati kina tundu jembamba kama unywele.

"Hii ulisafishia nini?"

Jairo alichukua tambara, akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Fundi. Nakuuliza kwa upole."

"Sindano."

"Sindano gani?"

"Ile ndogo. Ya kushonea kona."

Masudi aliiweka jeti juu ya kaunta, akaenda kusimama nje kidogo, akarudi. "Watu wa turubai," alisema. "Mkipewa mtoto mwenye mafua mtamzibua kwa sindano."

Tundu lilikuwa limepanuka, na tundu likipanuka halifinyi tena. Walitafuta Tunduma yote. Spea zilikuwapo za kila pikipiki inayobeba watu siku hizi, mpaka za rangi ya waridi, lakini si hiyo. Ndipo dereva mmoja wa foleni, yule aliyeuliza kama Jairo ni mzima, akasema ng'ambo ya mpaka, nje kidogo ya Nakonde, kuna mzee mwenye injini kama hiyo bustanini.

Jairo alivuka kwa miguu. Mzee aliitwa Ba Simfukwe. Alikuwa ameifunga injini ya XL kwenye gogo, ikiendesha pampu ya maji katikati ya nyanya. Bomba lilikuwa limeingia kwenye kijito kikavu chenye mchanga na mifuko ya plastiki, na kwenye mdomo wa pili maji yalikuwa yakitoka safi, ya baridi, mengine na vifaranga vya samaki.

"Mulishani, mukwai," Jairo alisalimia. "Maji haya yanatoka wapi?"

"Kijitoni."

"Kijito si kimekauka?"

"Kilikauka walipokiziba kule juu. Pampu haikuambiwa." Ba Simfukwe alichovya kikombe, akampa. Yalikuwa maji matamu. "Wewe una shida gani?"

Jairo alimweleza habari ya jeti, na ya sindano pia, maana mzee alikuwa na macho ya kuuliza. Ba Simfukwe alicheka mpaka akakaa juu ya tuta. Kisha alisema pampu haina sailensi. Inafanya kazi kwa mwendo mmoja tu mpaka azime. Jeti hiyo kwake ni pambo. Alizima injini, maji yakakatika, akaifungua, akampa. Jairo akamwachia ile yake iliyopanuka, akarudi siku iliyofuata na turubai la kuezekea kitalu, lililoshonwa pembe zote nne.

"Natotela," mzee alishukuru. "Mama yako msalimie. Na hicho kipande cha shaba ukisafishe kwa pumzi."

Usiku wa kuamkia Pasaka ulipita kwa mvua, na alfajiri ukungu ulikuwa mzito, mahindi yakidondosha maji. Jairo alitoka uani na mama yake amevaa gauni jeupe na koti la mumewe juu yake. Masudi alikuwapo, ingawa Pasaka haimhusu. Alisema yeye amekuja kwa ajili ya plagi. Nyuma ya kanisa waliwakuta watu. Ketrina alikuwa ameahidi kutosema, na hakusema kwa yeyote isipokuwa Marta Mwampashi, ambayo ni sawa na kutangaza kwa tarumbeta. Tarumbeta nazo zilikuwapo, zote, na ngoma kubwa.

"Hatuwezi kupanda wote," Jairo alisema.

"Nani kasema kupanda?" Marta alijibu. "Tutashika."

Jairo alifunga kamba ya turubai kwenye keria, ile ndefu ya kuzungushia tela, na watu wakaishika kwa mkono mmoja, wazee mbele, wapiga tarumbeta katikati, na nyuma kabisa wale ambao hawakuwa na kaburi ndani wala kipande lakini hawakutaka kubaki. Aliweka gia ya kwanza. Injini ilishika sailensi, tuk, tuk, tuk, kwa mwendo wa bibi harusi. Uzio uliwapita. Baadhi waliinamisha vichwa kwa mazoea, kama mtu anayepita mlango mfupi wa nyumba iliyokwisha bomolewa.

Barabara ilikuwa palepale. Wengi wa wale walioshika kamba walikuwa hawajaiona tangu ujana, na wengine walikuwa hawajaiona kabisa, walikuwa wameisikia tu kama unavyosikia habari za mjomba aliyekufa. Kisha kamba ikaanza kurukaruka.

"Tumefika kwa akina Mwampashi," alisema mzee Kamwela. "Marta, babu yako alichimba kwa kijiko?"

"Alikuwa anaumwa mgongo."

"Uliponea kilabuni."

"Kamwela, kaa kimya, ukoo wako walipimiwa mchanga. Hata kuku angechimba."

"Kuku wa akina Mwampashi asingechimba."

Wakaanza kucheka, na kicheko kikaenda nyuma kwa kamba, mpaka wapiga tarumbeta wakashindwa kupuliza. Mwanamke mmoja aliyezaliwa baada ya uzio aliuliza kipande cha kwao ni kipi. Alipooneshwa, alivua viatu, akakipita peku, akakitafutia kosa, hakuliona. Hata Masudi aliuliza kama mtu wa Kondoa anaweza kupewa kipande cha kurekebisha. Walimpa cha akina Mwampashi.

Kwenye mkato wa udongo mwekundu Jairo alisimama. Alisimamisha pikipiki kwa stendi, akachuchumaa, akaweka vidole viwili kwenye skrubu ya sailensi. Injini iliendelea. Mama yake alipanda ukingo kwa kushikwa mikono, akapiga magoti penye mawe, akaanza kung'oa majani. Jairo alitamani kwenda. Hakwenda. Alibaki ameinamia kabureta kama daktari, anasikiliza tuk inayofuata na inayofuata, na kwa hiyo akasikia kila kitu mama yake alichomwambia baba yake.

"Samwel, tumechelewa," Ketrina alisema. "Njiani kulikuwa na uzio." Akampa habari za watoto, nani ameoa na nani amezidi kunywa. Akamwambia kwamba Jairo anashona maturubai na mishono yake ni mizuri. "Na yule mtoto aliyekuwa anatuletea maji ya kunywa hapa mlimani, yule uliyempa jembe dogo ajifunze, amekuwa mkubwa. Ndiye aliyeifunga barabara." Aling'oa jani lingine. "Ana kipande chake pia. Kile kifupi pale chini. Nimepita juu yake sasa hivi. Hakikuwa kibaya."

Jua likachomoza juu ya ukingo, ukungu ukawa wa dhahabu, na tarumbeta zikapigwa zote kwa pamoja, zikiwa zimelowa na hazikulingana sana, na watu wakaimba kwamba Bwana amefufuka. Ketrina aliimba kwa sauti ya pili, sauti ambayo Jairo hakuwahi kuisikia nyumbani. Injini haikukata hata mara moja. Masudi, aliyesimama na plagi ya akiba mfukoni, alifuta macho akasema ni moshi.

Brayan alikuwa geti la juu. Aliona watu wengi wa kijiji wamevaa nyeupe wakipita ndani ya miti bila kuangusha parachichi hata moja, wakiteremka mahali pasipo na mteremko. Kwa kuwa ilikuwa Pasaka, alivua kofia. Baadaye aliripoti, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Meneja wa shamba alikuja na gari, akauliza wamepita wapi. Walimwambia. Akasema barabara hiyo haipo. Walimwambia hilo wanalijua. Wiki iliyofuata uzio uliongezwa urefu na kutiwa nyaya za miiba, lakini pikipiki haikuambiwa. Kijiji kikapeleka malalamiko ofisi inayohusika, na ofisi, safari hii, ikatuma mtu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Jairo alimpakia, akampitisha kutoka kanisani mpaka kwenye mashine ya kahawa, ambayo ilikuwa inazunguka na kutoa maganda. Mtu wa ofisi alionja punje moja. Aliposhuka alishukuru, akaandika kwamba barabara ni nzuri, imechongwa kitaalamu, na haipo. Kwa msingi huo hatua haziwezi kuchukuliwa. Mkubwa mwenyewe hakuja. Inasemekana aliambiwa habari yote mezani, akauliza jambo moja tu: kama walikitaja kipande cha kwake.

Siku hizi Jairo anakwenda kila Jumamosi. Foleni ya Tunduma inajua kwamba Jumamosi turubai halishonwi. Kamba inabebwa, wenye vikapu wanashika, wenye mawazo wanashika, na Masudi ameshajaza mashimo mengi ya akina Mwampashi, kwa jembe analoliacha palepale pembeni mwa mfereji na kulikuta wiki inayofuata, limelowa umande. Kitu kikiachwa barabarani, kinabaki barabarani. Hilo nalo limeshazoeleka. Shamba linaendelea kusafirisha parachichi. Wakati wa mavuno malori yake yanapita Tunduma, na moja liliwahi kuletwa kwa Jairo na turubai lililochanika. Alilishona vizuri.

Jumamosi iliyopita Ketrina alimaliza kung'oa majani juu ya kaburi, kisha akasogea kushoto, akaanza kung'oa na pale pasipo na kitu, sehemu ya kumtosha mtu mmoja.

"Mama," Jairo aliita kutoka kwenye pikipiki. "Huko hakuna kaburi."

"Bado."

Jairo alisikiliza injini kwa muda. "Kuchimba ni kazi ya siku nzima, mama. Na mahubiri. Na mchungaji wetu unamjua. Hii ikizima katikati..."

"Isizime." Ketrina alikung'uta udongo mikononi, akapima nafasi kwa macho, akaonekana kuridhika. "Siku hiyo usije na yale mafuta yenu ya kununua kwa chupa. Jaza tangi."